Kikapu Kilichorudi Kitupu

Mama yangu uliyelala Kirewa,

Nakuandikia kwa Kiswahili, nawe najua utaniuliza kwa nini, wakati sisi lugha yetu ni Dhopadhola na Kiswahili ulikiita lugha ya sokoni. Ni kwa sababu nitakayokuambia yanamhusu Mama Wandera, na nyinyi wawili hamkuwahi kuwa na lugha nyingine. Yeye Msamia wa Bulumbi, wewe mke wa Kirewa, mlikutana mpakani Busia mkiwa na trei za mayai vichwani, mkasemezana kwa Kiswahili chenu kile cha kuchechemea, na urafiki ukatembea nacho hivyo hivyo miaka na miaka. Mimi niliyesomea ng'ambo, upande wa Kenya, nilijitia mwalimu. "Si kuku yako nakula, Mama. Ni kuku wako anakula." Ukanijibu, "Kama kuku mwenyewe amesikia na amekula, wewe kinakuuma nini?"

Basi nisikuzungushe. Wewe ndiye uliyesema mtu anayezunguka sana ana la kuficha. Majibu ya maabara yalitoka, Mama. Kile kirusi kilichomaliza kuku wako na wa Mama Wandera kilitoka kwetu kikaenda kwake. Hakikutoka kwake kikaja kwetu.

Najua kwamba hapa ungekwisha kunyanyuka kwenye mkeka na kujifanya unatafuta chumvi. Kaa. Safari hii huna jiko la kukimbilia, na mimi nimechoka kubeba jambo hili peke yangu.

Unakumbuka banda lako lilipokuwa na uhai? Mimi nakumbuka kelele zake kuliko ninavyoikumbuka sauti ya Baba. Baba alipofariki, Baba mdogo Owori alidhani utalima mihogo ya kutosha sufuria yako na kunyamaza. Wewe ukapiga mabati, ukafunga waya, ukamwaga maranda chini, ukaleta vifaranga wa kisasa ndani ya maboksi yenye matundu. Walipokua wakaanza kutaga, mtu aliyetoka Nagongera kwa bodaboda aliwasikia kabla hajaiona nyumba. Ulikuwa ukiwagombeza kama wakwe. Huyu anakula bila kutaga, yule anataga na kukanyaga mayai yake, na wote ni wavivu, na wote ni watoto wako.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kazi ya kuzunguka masoko ya kuku, Busia na Tororo, kuwachokonoa kuku wa watu makoo kwa vijiti vya pamba ili maabara ijue wana nini. Nilikuletea beseni la dawa, nikaliweka mlangoni mwa banda, nikakuambia kila aingiaye atumbukize miguu. Ulikubali haraka mno, nikajua kuna neno. Na kweli, kila mgeni alipofika ulimwuliza kwanza swali lako lile, "Wewe ni mtoto wa nani?" Akitaja ukoo usioujua, ulimwelekeza kwenye beseni. Akitaja ukoo unaoujua, au mtu aliyeoa kwenu, au shemeji wa shemeji, ulimshika mkono ukamrusha juu ya beseni kama mtoto anayevushwa dimbwi. Nilipolalamika ulisema, "Sasa nimwoshe miguu mtoto wa binamu yangu, nimemwona mchafu?" Kwako ugonjwa ulikuwa kitu cha wageni. Ndugu hawana vijidudu.

Siku nilipofika nyumbani nikakuta balaa, kilichonishtua hakikuwa maiti za kuku. Ni ukimya. Jua lilikuwa limeshapanda, nimeingia hadi uani, na sisikii kitu. Walikuwa wamesimama, vichwa chini, wamevimba nyuso, vilemba vimegeuka rangi ya zambarau. Wengine walikuwa wamelala chini ya vyombo vya maji. Wewe ulikuwa katikati yao na jagi la maji ya pilipili na mshubiri, unamwaga, unanung'unika. "Ni kideri," ukasema. "Upepo wa kiangazi umeanza, ni kideri tu." Mimi nikasema si kideri. Nimekiona kideri mara nyingi, na hiki kilikuwa kitu kingine. Nikaenda kuchukua boksi langu la barafu.

Uliwashika mabawa, mmoja baada ya mwingine, nami nikapitisha vijiti. Ulikuwa ukinitazama jinsi ninavyofunga kila kijiti kwenye kichupa chake, na ndipo ukauliza, si kwa utani, "Na huyu mdudu, ni mtoto wa nani?" Nilicheka. Nilikuambia maabara itasema. Tangu siku ile swali hilo linanifuata, na nitakufikishia jibu lake hapa hapa.

Habari za kuku kufa huenda kwa pikipiki. Mama Wandera alifika kabla ya mazishi ya kuku kwisha, amevaa lile gauni lake la bluu la kwendea kanisani, na kikapu mkononi. Wewe wajua, nami naandika tu ili nikumbuke: kwetu mtu aliyeishiwa kuku hupewa pole kama aliyefiwa, na anayetoa pole haji mikono mitupu. Huja na kuku wa kuanzia. Mama Wandera alikuwa na banda lake la kuku wa mayai, lakini aliyekuja naye alikuwa kuku wa kienyeji, mtetea wa madoadoa, miguu imefungwa kwa kitambaa. Akamweka mbele yako. "Mama Athieno, pole. Hii nakuletea uanze nayo." Ndipo ulipolia. Ulikuwa umezika kuku tangu asubuhi bila chozi, na mtetea mmoja wa madoadoa akakuvunja.

Kisha akainuka kwenda, nawe ukachukua kikapu chake.

Kikapu cha mgeni hakirudi kitupu. Nimezaliwa nikaikuta sheria hiyo. Hata mwaka ule wa njaa ulitia boga changa kwenye kikapu cha shangazi, sisi tukalala na uji. Lakini siku ile nilisema, "Mama, hapa hakitoki kitu. Hata yai." Nikasema tena, kwa Dhopadhola, mgeni asielewe. Ukanijibu kwa lugha hiyo hiyo kwamba kazi ya serikali niiache getini, kwamba hukunilea nikufundishe kumfukuza mtu na kikapu kitupu. Ukaingia bandani. Walikuwa wamebaki wachache waliokuwa wakila, macho yamekaa sawa, vilemba vyekundu. Ukachagua wawili walio bora kuliko wote, ukawalaza kikapuni, ukawafunika kwa majani ya mgomba. "Wema hauozi," ukamwambia. Akakubeba moyoni na kuku wako kikapuni, akapanda bodaboda.

Waliobaki walikufa wote. Na huyo wa madoadoa naye akafa pamoja nao, maana ulikuwa umemtia mle mle. Tulichimba shimo nyuma ya migomba, tukamwaga chokaa, tukafukia. Na kabla udongo haujakauka, Baba mdogo Owori alikuwa ameshapata maneno. "Amekuja na kuku, kuku wakaisha. Mnataka mwambiwe na nani?" Wengine wakaongeza kwamba yule mama anauza mayai soko moja nawe, kwamba jicho lake si zuri, kwamba Wasamia wana dawa. Mwanzoni ulinyamaza. Nilidhani unawapuuza. Kumbe ulikuwa unayasikiliza.

Siku aliyorudi Mama Wandera nilikuwa barazani nabangua karanga. Tulikuwa tumeshasikia kwamba kuku wake nao wamekwisha. Alikuja amekonda uso, na kikapu kile kile, ndani yake unga wa wimbi. Uani kulikuwa na watu, Baba mdogo akiwa mmoja wao. Hukumkaribisha. Ulichukua kikapu, ukaingia ndani, nikasikia unga unamiminwa kwenye debe. Ukatoka, ukamkabidhi kikapu chake. Kitupu. Alikitazama ndani, kama mtu anayetaka kuhakikisha macho yake hayamdanganyi, halafu akakishika kwa mpini akaenda zake barabarani kwa miguu. Watu wote waliona. Kuna matusi ambayo mtu husamehewa kwa kuwa alikuwa na hasira, lakini lile lilikuwa limepikwa likaiva.

Ule unga hukuupika. Niliukuta baada ya mazishi yako, umeota vidudu, debe limefungwa vizuri na mfuniko umekazwa kwa kitambaa. Sijui ulikuwa unauwekea nini, Mama. Ningependa kuamini ulikuwa unangoja siku ya kuutumia mkiwa wawili.

Presha ilikuchukua wakati wa mvua, kuku wana miezi tangu wafukiwe na majibu hayajatoka. Mama Wandera hakuonekana mazishini. Baba mdogo akasema mnaona, na watu wakaona. Na mimi, kwa uchungu niliokuwa nao, nilikaribia kuona pia.

Kisha daktari mmoja wa maabara akaniita. Ni dada mdogo kuliko mimi, mpole, hajui kwamba kuku wale walikuwa wa mama yangu, kwa maana sampuli huandikwa jina la kijiji tu. Akanionyesha kwenye kompyuta mchoro kama mti uliolazwa ubavu, matawi yakitoka kwenye matawi. Akanieleza kwamba kirusi kikiingia ndani ya kuku hujinakili, na katika kujinakili hukosea, na kosa hilo hurithiwa. Mimi nilimwelewa kwa njia ya Mama Wandera mwenyewe, ambaye husuka vikapu. Akisuka cha leo hutazama cha jana. Akikosea uzi mmoja wa zambarau, cha kesho kitakuwa na kosa lile lile, na cha keshokutwa, na atakuja kukosea tena mahali pengine. Ukipewa vikapu vyote vikiwa vimechanganywa, unaweza kuvipanga, kipi mzazi, kipi mtoto. Na vikikutana virusi viwili tofauti ndani ya kuku mmoja hubadilishana vipande, kama watoto wa shule wanaovaliana nguo, shati la huyu na kaptula ya yule, na ukimwona kwa mbali humjui tena ni wa nyumba gani. Hicho ndicho kinachowaogopesha, daktari alisema. Chanjo hutengenezwa kwa kumtazama mzazi, wakati mtoto ameshavaa nguo nyingine.

Basi, jibu lako. Kwa kuku wako waliokufa mwanzo, alama fulani, yaani kosa moja la kujinakili, haikuwepo. Kwa kuku wako wa mwisho, niliowapima kabla hatujawafukia, ilikuwepo. Maana yake alama ile ilizaliwa mle mle bandani, kati ya maranda yako na vyombo vyako vya maji. Na kuku wa Mama Wandera, ambao wenzangu walikwenda kuwapima, wote walikuwa nayo, na juu yake wameongeza nyingine ndogo ya kwao. "Inaelekea wazi kabisa," daktari alisema, "kwamba Kirewa ndiyo mama, Bulumbi ndiyo mtoto." Alisema hivyo tu, kama mtu anayetaja njia ya kwenda sokoni. Nilimwomba maji ya kunywa.

Kilikotoka kabla ya kufika kwako hakuna ajuaye. Labda trei za mayai zinazovuka mpaka na kurudi bila kuoshwa. Labda bata wanaoshuka kwenye mpunga. Labda mtoto wa binamu yako aliyerushwa beseni. Lakini uliuliza huyu mdudu ni mtoto wa nani, na mimi nilikuahidi jibu. Mama, yule aliyekwenda Bulumbi alikuwa mtoto wako.

Nilikukasirikia. Nilikukasirikia wakati huna namna ya kujitetea, na hilo likaniongezea hasira. Lakini hilo silo linalonisumbua zaidi. Linalonisumbua ni kwamba hukukoma. Ile alama yako iliendelea. Nachukua sampuli mpakani, kwenye matenga yaliyofungwa nyuma ya pikipiki, kuku wa watu nisiowajua, na majibu yakirudi daktari ananiambia, "Kirewa tena." Tumeikuta ng'ambo, kwenye banda kubwa la mfanyabiashara mwenye uzio na mlinzi. Tumeikuta imeongeza vipande vya watu wengine, nguo za nyumba nyingine, lakini chini yake alama ile ipo. Daktari anasema haikiongezei ukali kirusi, ni kama kovu tu. Kwake ni kovu. Mimi ninapoisikia nakuona wewe umeinama bandani unachagua wawili walio bora.

Na banda lako ninaliogopa. Sijalivunja. Pazia la gunia limebaki upande mmoja, upepo ukilipiga linatoa sauti kama mtu anayefukuza kuku. Kila nikija nyumbani najikuta mlangoni pake, mchana kweupe, na kabla ya kuingia natumbukiza miguu kwenye beseni lililokauka. Halafu nasimama nasikiliza. Wanasema mtu akifa sauti yake ndiyo hupotea kwanza. Yako haijapotea. Ninaisikia ikiniuliza ninachokiona.

Kwa hiyo nilikwenda Bulumbi. Sherehe yako ya kumaliza matanga ilikuwa imekaribia, na sikuona tutakumalizia vipi matanga wakati mtu uliyemdhulumu hajui kilichomaliza kuku wake. Nilitaka aje, Mama. Nilitaka watu wale wale waliouona mgongo wake ukienda wamwone uso akirudi. Na niliogopa, kwa sababu ningemwambia kwamba zawadi yako ndiyo iliyommaliza, na angekuwa na haki ya kunifungia mlango.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anasuka. Hafugi tena. "Athieno, mtoto wangu. Kaa kwa hii kiti, ndio iko mzima." Akaniuliza habari za kazi, za Nagongera, za mwamba wa Tororo kama bado umesimama, utani wenu ule wa zamani. Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikachanganya jeni na vikapu na matawi, hadi nikafika kwenye wale kuku wawili.

Hakuacha kusuka. "Mimi nilijua," akasema.

Nikamwuliza alijuaje.

"Zile kuku mbili ya mama yako ndio ilikufa kwanza. Halafu zangu ikafuata. Sasa mtu anataka aambiwe nini tena?" Akavuta uzi kwa meno. "Moja nilikuwa naita Mama Athieno. Ilikuwa nalalamika kutoka asubuhi mpaka jioni."

Tulicheka, Mama. Utusamehe. Tulicheka hadi akaweka kikapu chini ajifute macho kwa kanga. Kisha nikauliza lililokuwa linanichoma: kama alijua, mbona alikuja tena na ule unga?

Alikiokota tena kikapu. "Nilikuja nimwambie mama yako asijilaumu," akasema. "Nilijua watu nasema maneno, na siku moja mtu atamwambia kuku yake ndio ilileta kifo kwangu. Na yeye iko na presha. Nilitaka aisikie kwangu, pole pole, sisi wawili ndani ya nyumba. Lakini akanipa kikapu namna ile. Mbele ya watu. Sasa ningesema nini pale? Kwamba zawadi yako iliniua? Kitu mtu ameweka kwa kikapu yako, huwezi kuitangaza."

Ndivyo alivyobeba, Mama. Wewe ulikuwa ukimdhania mchawi, na yeye alikuwa akikuficha. Siku ya mazishi yako alifika mpaka barabarani, akasikia kilio chetu, akarudi, asije akawaharibia watu msiba. Nilimshika mikono, ile mikono iliyojaa mikwaruzo ya ukindu wa kusukia, nikamwambia pole kwa niaba yako na kumwalika kwenye matanga yako, kwa Kiswahili chenu, bila kujisahihisha.

Akauliza jambo moja tu. "Na kutoka kwangu, ilienda wapi?"

Sikutaka kumwambia. Akaning'ang'ania kwa macho mpaka nikasema: imevuka mpaka, iko kila mahali. Akatikisa kichwa. Alikumbuka mnunuzi aliyekuja na pikipiki, naye akampa wale waliokuwa bado wamesimama, kama afanyavyo kila mtu kuku wakianza kusinzia. "Basi," akasema, "mimi na mama yako tuko sawa. Nitakuja."

Kumaliza matanga yako kulikuwa vita kabla ya kuwa sherehe. Nilisema hakuna kuku hai atakayeingia uani, wa kupika wala wa zawadi. Baba mdogo Owori alisema matanga bila kuku ni mkutano wa mwenyekiti wa kijiji. Nilimwambia aje basi na ajenda. Alinuna, lakini akanunua mbuzi. Watu walikuja na mchele, sukari, simsim, kila mmoja akijieleza mlangoni kama aliyekosea. Beseni nililijaza dawa upya, nikaliweka njiani, na safari hii hata watoto wa binamu walitumbukiza miguu.

Mama Wandera aliteremka kwenye bodaboda akiwa na gauni la bluu na kikapu mkononi. Watu uani wakageuka. Akatumbukiza miguu kwenye beseni bila kuambiwa, akapita katikati ya watu, na unawajua watu wetu, hawawezi kuona kikapu cha mgeni wasichungulie. Wakachungulia. Hakikuwa na kitu. Nikasikia mtu akinong'ona kwamba amekuja kulipiza. Baba mdogo akafungua mdomo, kisha, sijui aliona nini usoni mwa mgeni, akaufunga.

Alikwenda moja kwa moja kaburini kwako. Nilikuwa nyuma yake, nilisikia. Aliweka kikapu juu ya saruji, pale karibu na kichwa chako, akakaa chini kama alivyokuwa akikaa barazani kwako.

"Mama Athieno, mimi hii nimekuja," akakuambia. "Sikubeba kitu. Na wewe leo usiweke kitu ndani."

Akakaa hapo mpaka chakula kikaiva. Alikula nasi, akacheza kidogo ngoma zilipoanza, akamtania Baba mdogo kuhusu mbuzi wake kuwa mgumu. Alipoinuka kwenda, shangazi alikimbia kutoka jikoni na fungu la karanga, kwa mazoea tu, mkono umeshanyoshwa. Karanga hazina kirusi. Mama Wandera anajua hilo, nami najua. Lakini aliweka kiganja juu ya mdomo wa kikapu. "Wacha, dada," akasema. "Hii narudi hivi." Shangazi akanitazama mimi, nami nikatikisa kichwa, na karanga zikarudi jikoni.

Nilimsindikiza hadi barabarani. Kabla ya kupanda pikipiki alisimama, akakiinua kikapu, akakitikisa kidogo kuona kama ni chepesi kweli. Anakujua.

Bado nitakukuta sokoni, Mama, wiki ijayo au mwezi ujao, kwenye koo la kuku wa mtu mwingine. Nitakusalimia kimoyomoyo, nitafunga kichupa, nitanawa mikono. Sina namna ya kukuita urudi nyumbani. Lakini wewe mwenyewe ulale sasa, usihangaike tena na kikapu cha mgeni. Kimerudi Bulumbi kitupu, na aliyekibeba hakukasirika.

Ni mimi binti yako,
Athieno